Ushauri wa kazi usiotaja hela

Kila mtu ana ushauri wa kazi wa kukupa. Mjomba anao, mwalimu anao, jirani ambaye hata salamu zenu ni za kuvizia anao, na siku hizi kuna watu wanakaa mbele ya simu wanarekodi video ya dakika moja kukutajia fani zitakazolipa miaka kumi ijayo. Sasa we muulize yeyote kati yao, hela ya kusomea hiyo fani inatoka wapi, na muda wote nikiwa darasani nani analisha nyumba. Uone anavyobadilisha mada.

Nimekaa muda mrefu kwenye shughuli za kusaidia watu kujaza fomu za kozi na za mikopo, vijana waliomaliza shule na watu wazima waliochoka na kazi walizonazo, na kitu kinachonikera mpaka leo ni kwamba wanaoshauri wako chumba kimoja, wanaotoa hela wako chumba kingine, afu katikati hamna mlango. Mshauri anakuuliza unapenda nini. Ofisi ya mkopo inakuuliza namba ya kitambulisho na jina la mdhamini. Lile swali la katikati halina mwenyewe: hiki unachokipenda, kwa bei hiyo, kwa maisha uliyonayo saivi, kinawezekana? Na kikienda mrama hasara anabaki nayo nani?

Na ukifuatilia historia unashangaa, maana hii kazi ya kushauri watu kuhusu ajira haikuanza hivyo. Anayetajwa sana kama mwanzilishi ni Frank Parsons, Mmarekani aliyesomea uhandisi afu akaingia kwenye sheria, ambaye mwaka 1908 alifungua ofisi ya ushauri wa kazi kule Boston, sehemu iliyojaa familia za wahamiaji, vijana wanaacha shule mapema na kuingia kazini kwa kubahatisha. Alifariki mwaka huohuo, kitabu chake kikatoka 1909 akiwa hayupo. Hoja yake ilikuwa na sehemu tatu: ujijue, uijue kazi, afu ukae ufikirie vizuri hivyo viwili vinakutanaje. Watu wameing'ang'ania ile ya kwanza. Ila kwenye ile ya pili Parsons aliweka wazi kabisa habari ya malipo, nafasi zilizopo, faida na hasara za kila njia. Yaani hela ilikuwemo tangu mwanzo, sijui ilidondokea wapi njiani.

Nadhani ilidondokea kwenye majaribio ya haiba. Mwaka 1959 mwanasaikolojia John Holland alichapisha nadharia yake ya kulinganisha watu na kazi, ambayo ilikuja kukaa kwenye makundi sita: wa vitendo, wachunguzi, wenye usanii, wanaopenda kuhudumia watu, wenye ushawishi na biashara, na wapenda utaratibu. Hayo majaribio ya bure unayoyakuta kwenye intaneti, unajibu maswali sitini afu unaambiwa wewe ni mtu wa namna gani, mengi ni wajukuu wa Holland. Mi siyapingi, yanasaidia kuanzisha mazungumzo hasa na kijana ambaye ukimuuliza anataka nini anakujibu "chochote tu". Shida ni pale yanapogeuzwa kuwa hukumu. Mtoto anaulizwa kama angependa kufanya kazi maabara wakati hajawahi kuingia maabara, anajibu kwa kukisia, afu kile alichokisia kinachapwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Na vijana wanachagua kutoka kwenye walichokiona, hilo halina ubishi. Mwaka 2018 OECD, ule umoja wa nchi nyingi zenye uchumi mkubwa, kwenye mitihani yao ya kimataifa ya wanafunzi inayoitwa PISA waliwauliza wanafunzi wa miaka 15 wanatarajia kuwa wanafanya kazi gani wakifika miaka 30, na kwenye nchi 41 walizolinganisha, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitaja kazi kumi tu, kila upande na kumi zake ila nyingi zinafanana, daktari, mwalimu, mwanasheria, polisi, meneja wa biashara. Kumi! Wakati orodha ya kazi ya ILO, shirika la kazi duniani, ile ya 2008, ina makundi madogo 436. Na mbaya zaidi ni kwamba ukilinganisha na mwaka 2000, msongamano kwenye hizo kumi ulikuwa umeongezeka, pamoja na intaneti yote hii. Kwahiyo kumuuliza kijana "unapenda nini" kabla hajaona watu wa kazi tofauti tofauti ni kumuuliza achague kutoka kwenye orodha aliyorithi.

Dawa ya hili inajulikana na sio ya gharama, ni kumkutanisha na watu wanaofanya kazi zenyewe. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2012 uliowauliza watu wazima vijana wanakumbuka walikutana na waajiri mara ngapi walipokuwa shule, iwe mgeni alikuja kuongea darasani au wao walienda kushinda kwenye kampuni, na waliokumbuka mara nne au zaidi uwezekano wao wa kuwa hawasomi wala hawana kazi ulikuwa mdogo mara tano kuliko wasiokumbuka hata moja. Sasa hapo usikimbie, inawezekana kabisa shule zenye uwezo ndo zinazoleta wageni wengi na watoto wao wangefanikiwa tu hata bila wageni. Lakini hata ukipunguza nusu bado ni kitu. Mi nikimpeleka kijana kwa mtu wa fani fulani huwa namwomba aulize maswali ambayo mtu mzima anaona aibu kuuliza: ulilipa shilingi ngapi mpaka kufika hapa, ulikaa muda gani bila kipato, ulianza na mshahara gani, na wenzako mliosoma pamoja wako wapi saivi. Hilo la mwisho ndo zito kuliko yote. Aliyefanikiwa anakusimulia juhudi zake, ila darasa zima la watu arobaini lilivyotawanyika linakusimulia fani.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe maana hapa ndo watu wanaumia.

Mtu akisema "kozi hii ni bei gani" anamaanisha ada. Ada ni sehemu tu, na mara nyingi sio sehemu kubwa. Wachumi Theodore Schultz na Gary Becker, waliopata Nobel 1979 na 1992, walilisisitiza hili tangu miaka ya 60: gharama kubwa ya kusoma ni kipato unachokiacha ili ukasome. Chukua namba za kubuni tu. Kozi ni miaka mitatu, ada ni 10 kwa mwaka, na kazi unayotaka kuiacha inakulipa 20 kwa mwaka. Ada jumla 30. Mshahara ulioachwa 60. Gharama yako halisi ni 90, hapo hujahesabu nauli, vitabu, kompyuta, wala mtu wa kukaa na mtoto. Akija mfadhili akasema anakupa ufadhili kamili wa ada, watu wanapiga vigelegele, na ni sawa kushukuru, ila kwa hesabu zetu amekulipia theluthi moja. Theluthi mbili bado iko mezani kwako.

Kwa kijana wa miaka kumi na nane anayekaa kwao, asiye na kazi, ule mshahara ulioachwa ni karibu na sifuri, kwahiyo kwake ada kweli ndo mzigo. Kwa mama wa miaka arobaini mwenye watoto wawili na kazi ya kumwingizia hela ya kila mwezi mambo yamegeuka juu chini. Unaweza kumpa ada bure asubuhi na mapema na bado asiweze kuja. Ndo maana nikisikia mkubwa fulani anasema "nafasi tumetoa, watu wazima wenyewe hawajitokezi" huwa natamani kumkalisha chini na kalamu. Wametoa ada. Hawajatoa mwezi.

Wachache wamelielewa hili. Singapore walianza 2016 kumpa kila raia kuanzia miaka 25 dola 500 za huko za kusomea kozi, wakaja 2024 wakaongeza dola 4,000 kwa wenye miaka 40 na kuendelea, lakini kilichonivutia mimi ni cha 2025, kwamba mtu wa miaka 40 na kuendelea akienda kusoma kozi ya muda wote iliyoidhinishwa analipwa posho ya nusu ya wastani wa kipato chake, isizidi dola 3,000 kwa mwezi, hadi miezi 24. Sasa hapo mtu kagusa zile theluthi mbili. Najua Singapore ni nchi ndogo yenye hela, usinitumie ujumbe kunikumbusha, ila ukubwa wa mfuko na kuelewa tatizo ni vitu viwili tofauti na kuna nchi zenye mifuko mikubwa zaidi ambazo hazijaelewa.

Haya, mkopo. Watu wengi wakisikia mkopo wanauliza riba. Riba ni muhimu, lakini swali la kwanza liwe hili: nikikosa kazi nini kinatokea? Maana mikopo ya elimu iko ya aina mbili kubwa na ni tofauti kama usiku na mchana. Ya kwanza ni ile yenye marejesho ya kiasi kilekile kila mwezi, uwe umepata kazi nzuri, mbovu, au hujapata kabisa. Hapa hasara yote ni yako, na kama kuna mdhamini basi na yake. Marekani kwa mfano mikopo ya elimu ni migumu sana kufutwa hata mtu akitangazwa mahakamani kuwa amefilisika, madeni mengine yanaondoka, hili linabaki linakusubiri.

Ya pili ni ile inayofuata kipato. Australia walianza nayo nchi nzima 1989, mchumi Bruce Chapman akiwa kwenye ubunifu wake: unasoma, hulipi chochote mpaka kipato chako kivuke kiwango fulani, afu makato yanapita kwenye mfumo wa kodi. Kipato kikishuka makato yanasimama yenyewe bila kuandika barua ya kuomba huruma. England nao wanafuata njia hiyo. Walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 waliwekewa makato ya asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 30, kwahiyo wameongeza miaka kumi ya kukatwa na sijasikia watu wengi wakililia hilo, wengi waliishia kwenye ada. Arobaini! Mtu anaanza kulipa akiwa na ishirini na kitu anamaliza akiwa anakaribia kustaafu.

Kuna kisa kimoja cha mkopo nakipenda sana kwa sababu kinaonyesha hasara inavyotembea kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 1971 chuo kikuu cha Yale kule Marekani, chenye majina makubwa na hela nyingi, kilianzisha mpango wa wanafunzi kuahirisha kulipa ada. Kwa kila dola 1,000 uliyokopa ungelipa asilimia 0.4 ya kipato chako kila mwaka. Mpaka lini? Hapo ndo penyewe: mpaka deni la kundi zima la mwaka wenu liishe, au miaka 35 ipite. Yaani hulipi deni lako ukamaliza, mnalipa la wote. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri tu la kushirikiana, atakayekuwa wakili mkubwa anambeba atakayekuwa mwalimu wa kijijini. Ila waliruhusu mwenye hela ajitoe kwa kulipa asilimia 150 ya deni lake na riba, kwahiyo wale wenye vipato vikubwa, ambao ndo mpango uliwategemea, baadhi yao wakalipa wakaondoka zao. Wengine wakaacha tu kulipa. Waliobaki ni wa katikati, waliokuwa wanalipa kila mwaka kwa uaminifu huku deni la kundi likigoma kushuka. Mpango ulifungwa kwa wanafunzi wapya 1978, na mwaka 2001 chuo kikaamua kufuta yaliyobaki, miaka thelathini baadae.

Watu waliobuni ule mpango hawakuwa wajinga, kulikuwa na mchumi James Tobin hapo ambaye nae alikuja kupata Nobel. Lakini hakuna aliyewakalisha vijana wa miaka kumi na nane akawaambia, mwenzio akikimbia ni wewe utakayebaki kulipa. Waliokuwa wanasaini walidhani wanakopa kwa chuo. Kumbe walikuwa wanadhaminiana.

Kwahiyo ukipewa fomu yoyote ya mkopo wa elimu, kabla hujaangalia riba tafuta sehemu inayosema nini kinatokea nisipopata kazi, nikiugua, nikiacha kozi katikati, nikifariki. Hiyo ya kuacha katikati watu wanaichukulia poa sana na ndo mbaya kuliko zote, deni lipo na cheti hamna. Kama fomu haisemi, uliza kwa maandishi. Ukijibiwa kwa mdomo tu na tabasamu, ondoka kwa adabu.

Sasa nigeuze shilingi, maana nimelalamika sana kuhusu ushauri usio na hela na kuna watu watadhani suluhisho ni kumwaga hela tu. Imeshajaribiwa. England, Septemba 2000, serikali ilianzisha akaunti za kujifunzia kwa watu wazima, unafungua akaunti, serikali inachangia kozi utakayochagua mwenyewe. Walilenga akaunti milioni moja, zikafunguliwa zaidi ya milioni mbili. Mafanikio makubwa, si ndio? Tatizo, kusajiliwa kama mtoa kozi ilikuwa rahisi mno, hakukuwa na ukaguzi wa maana wa ubora, na anayesoma hakuwa na mtu wa kumwambia kozi hii ni ya kweli na ile ni CD tupu kwenye bahasha. Wajanja wakaingia, wengine wakivuta hela kwenye akaunti za watu ambao hata hawajui kama wana akaunti. Novemba 2001 ikafungwa ghafla, na watoa kozi waaminifu waliokuwa wamejipanga wakabaki wanaangaliana.

Ungedhani dunia imejifunza. Ufaransa 2019 wakaanza kuhesabu akaunti yao ya mafunzo kwa euro, mfanyakazi anaingiziwa 500 kwa mwaka mpaka ifike 5,000, na mwishoni mwa mwaka huo wakatoa apu unachagua kozi kama unavyoagiza viatu. Mara simu za matapeli zikaanza, hujambo, hela yako ya mafunzo inakaribia kupotea, nipe namba zako nikusaidie. Ikafika mahali Desemba 2022 bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku kuwapigia watu simu kuwashawishi kuhusu hizo akaunti, na 2024 wakaanza kumtaka mtumiaji achangie euro 100 kwa kozi, isipokuwa makundi kadhaa wakiwemo wasio na ajira. Cha ajabu ni kwamba Ufaransa wana huduma ya ushauri wa bure kwa mtu yeyote anayefanya kazi au anayetafuta, ipo kisheria tangu 2014. Lakini apu iko mfukoni na mshauri anahitaji miadi, unadhani mtu ataanza na kipi?

Ndo maana nasema ni vyumba viwili. Ushauri bila hela unakuacha na ndoto, hela bila ushauri inakuacha na kozi ya ajabu ajabu na cheti ambacho hakuna mwajiri anayekijua.

Kuna njia moja ambayo angalau kwenye muundo wake hivyo viwili vimeshikana, nayo ni uanagenzi. Kijana anajifunza kazi kazini, analipwa kidogo, siku kadhaa za wiki yuko kwenye kampuni na moja au mbili yuko chuoni. Ujerumani wana sheria yake tangu 1969, kuna fani zaidi ya 300 zinazotambuliwa, nyingi ni miaka miwili hadi mitatu na nusu, na tangu 2020 kuna kima cha chini cha malipo ya mwanagenzi kisheria. Uswisi karibu theluthi mbili ya vijana wanapitia mafunzo ya ufundi baada ya shule ya lazima, na wapo humo wa benki na wa kompyuta, sio mafundi bomba na umeme peke yao. Kwa hesabu yetu ya juu, mshahara ulioachwa unapungua kwa sababu unalipwa, ada ni ndogo au hamna, na unaiona kazi kwa macho kabla hujaizeekea.

Lakini watu wanaipamba sana hii kitu kwenye semina. Kwanza inategemea waajiri wawepo wa kutosha na wakubali, kampuni ikipata msukosuko nafasi za wanagenzi ndo zinakuwa za kwanza kufutwa. Pili kwenye mifumo kama ya Ujerumani watoto wanagawanywa njia mapema sana, kwenye majimbo mengi wakiwa na miaka kumi hivi, na mtoto wa msomi na mtoto wa mhamiaji hawagawanywi kwa bahati sawa. Tatu, kwenye sehemu kubwa ya dunia uanagenzi uliopo ni ule usio rasmi, kijana anaenda kwa fundi, na Ghana au Togo au Benin ni kawaida familia ndo inamlipa fundi, sio fundi kumlipa kijana. Hela inaenda upande wa pili kabisa. Ujuzi anaupata, tena mwingine mzuri sana kuliko wa chuo, ila akitoka pale hana karatasi.

Na karatasi inanileta kwa watu ambao huwa nawafikiria zaidi, wale wenye ujuzi tayari. Fundi wa miaka ishirini, mpishi aliyelisha maelfu, dada anayefunga hesabu za duka zima kichwani. Hawa ukiwapeleka kwenye mshauri wa kawaida anawapa kipeperushi cha kozi ya miaka miwili waanze sifuri. Mtu anaenda kufundishwa kushika nyundo na kijana aliyezaliwa yeye akiwa tayari anajenga. Kinachotakiwa hapa ni kurasimisha ujuzi, yaani unapimwa unachokijua, ukionekana una pengo unasomea pengo tu, afu unapewa cheti kilekile. Ufaransa wameliweka kwenye sheria tangu 2002, na Afrika Kusini, Kenya na Tanzania nako mfumo huo upo. Kwa kipimo cha hela hii ndo njia yenye faida kubwa kuliko zote nilizoziona, wiki chache badala ya miaka, kipato hakikatiki. Na ndo isiyotangazwa. Sina ushahidi wa kwa nini ila nina dhana yangu, chuo kinaingiza ada kwa miaka miwili ya darasani, kwa siku mbili za kumpima mtu kinaingiza nini?

Kozi za bure za mtandaoni nizitaje haraka maana kuna mtu lazima ataniuliza. Ni nzuri kwa kuonja. Watafiti waliopitia kozi za wazi za Harvard na MIT walikuta kwa mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza ni asilimia 3 hivi ya walioandikishwa, ila miongoni mwa waliolipia cheti karibu nusu walimaliza. Sehemu ya sababu ni kwamba aliyelipa alikuwa na nia tangu mwanzo. Onja bure mwezi mmoja kabla hujalipia miaka mitatu, hapo nakubaliana na kila mtu.

La mwisho ni mwajiri anayekulipia masomo. Watu wanalipokea kama zawadi ya birthday, na kweli ni njia nzuri sana kwa mtu mzima, mshahara unaendelea, ada imelipwa, na mwajiri kashakuambia anahitaji nini kwahiyo hata ushauri uko ndani yake. Ila karibu kila mara kuna mkataba wa kubaki. Kaa miaka miwili, mitatu, mitano baada ya kumaliza, ukiondoka unarudisha. Nimeshasoma mikataba ya namna hiyo ya watu walionijia wakiwa wameshasaini, na tofauti kati ya mzuri na mbaya iko kwenye mstari mmoja: je, deni linapungua kadiri unavyotumikia au linabaki zima mpaka siku ya mwisho? Mtu ametumikia miezi 34 kati ya 36, kapata kazi bora, anadaiwa asilimia mia. Na kuna mingine haisemi chochote kuhusu wao wakikupunguza kazini, kwahiyo wanakufukuza afu wanakudai. Na angalia wanadai nini hasa, ada peke yake au na mshahara waliokulipa ukiwa masomoni, maana hapo namba inaweza kuruka mara tatu. Waombe waandike kwamba deni linapungua kila mwezi na linakufa wakikuachisha wao. Waajiri wengi wakiombwa kistaarabu kabla ya kusaini wanakubali, maana wanajua wenyewe kile kifungu kilinakiliwa kutoka kwenye mkataba wa mtu mwingine.